Ndoo mbili za mama, gari moja la taka

Desemba iliyopita nilirudi Dar kwa wiki tano. Siku ya tatu nikanunua ndoo mbili za lita 20, nikaziweka uani kwa mama, Tabata, karibu na bomba. Ya kwanza ya taka mbichi: maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, miiba ya samaki, ugali uliolala. Ya pili ya taka kavu: chupa za maji, maboksi, makopo, mifuko ya unga. Mama akaniuliza, "Huko kwenu Ujerumani ndivyo mnavyofanya?" Nikamjibu, "Ndiyo Mama, mwaka wa 14 huu natenga." Hakubishana. Wiki nzima alitenga kwa uangalifu kunishinda mimi. Hata utumbo wa samaki aliufunga kwenye gazeti kwanza ndipo akautia kwenye ndoo yake.

Jumamosi gari la taka likapiga honi. Kijana akaja mbio, akabeba ndoo zote mbili, akazimwaga pamoja juu ya taka za mtaa mzima. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akazipokea ndoo zake, akazisuuza, moja akaipeleka bafuni. Ile nyingine ikarudi kuwa ndoo ya kila kitu.

Simlaumu yule kijana hata kidogo. Gari lina bodi moja, nyumba za kupitia ni nyingi, jua linawaka, na hakuna aliyempa pa kuziweka mbali mbali. Lakini tangu siku ile siwezi tena kuvumilia maneno ninayoyasikia kwenye kila mjadala wa usafi wa miji yetu, kwamba watu wetu hawana uelewa, kwamba tatizo ni tabia. Nimemwona mama wa miaka 71 akibadili tabia kwa siku moja. Kilichoshindwa kubadilika ni gari.

Tulihamia Tabata mwaka 1993, dampo likiwa limeshaondoka, lakini majirani walikuwa bado wanalisimulia kama watu wanavyosimulia ugonjwa waliopona: moshi usiku kucha, inzi kwenye sahani, watoto wanakohoa. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kutaka jalala lile liondolewe, na wakashinda. Wenye mamlaka waliporudi kuomba waongezewe muda wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira aliwakatalia. Ni moja ya kesi zinazosomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria za mazingira nchini kwetu, na mimi najivunia kwamba ilianzia mtaani kwetu.

Sasa fuata taka zilikwenda wapi. Zilihamia Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti. Zikaenda Mtoni. Leo zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Kila mtaa uliposhinda, mtaa mwingine ulipokea. Dampo lilifungwa, taka hazikufungwa. Dada yangu anaishi Gongo la Mboto, na malori yanayotoka kwetu yanapita barabara ya kwake.

Huku Hamburg ninaishi Wilhelmsburg, kisiwa katikati ya mto Elbe, mtaa wa wafanyakazi na wahamiaji. Dirisha la jikoni kwangu linaonyesha mlima. Mara ya kwanza niliufurahia, kwa sababu Hamburg ni tambarare kama bonde la Jangwani kwetu Dar. Juu yake kuna mitambo ya upepo na paneli za jua, kuna njia ya kutembea inayozunguka karibu na kilele, na Jumapili nyingine mimi na binti yangu tunapanda kuangalia bandari. Unaitwa Georgswerder, na una urefu wa mita 40 hivi. Chini ya nyasi zile kuna vifusi vya vita, taka za majumbani na sumu za viwandani zilizomwagwa tangu mwishoni mwa miaka ya arobaini mpaka 1979. Mwaka 1983 ikagundulika kwamba dioksini, sumu kali ya kemikali, inavuja humo. Ikabidi mlima mzima ufunikwe kwa plastiki na udongo, yachimbwe mabomba, maji machafu yanayochuruzika yavutwe na kusafishwa. Kazi hiyo inaendelea hadi leo, zaidi ya miaka 40 baada ya lori la mwisho. Watu waliozaliwa baada ya jalala kufungwa ndio wanaolipa.

Ndiyo maana nawaambia ndugu zangu wanaosifia mitambo ya upepo kwenye picha ninazotuma: ule si mfano wa kuigwa, ile ni adhabu iliyopambwa vizuri. Nchi yenye fedha imeweza kuipamba. Kampala hawakupata nafasi hiyo. Agosti 2024 rundo la taka la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na kuua zaidi ya watu 30.

Wajerumani walijifunza kwa gharama, na nawapa haki yao. Tangu Juni 2005 sheria inakataza kupeleka jalalani taka za majumbani ambazo hazijashughulikiwa kwanza. Hapa Hamburg jengo letu lina mapipa manne: la bluu la karatasi, la njano la plastiki na makopo, la kijani la mabaki ya chakula na majani, na jeusi la vinavyobaki. Tangu 2015 kukusanya taka mbichi peke yake ni wajibu wa kisheria nchi nzima. Ninapika kwenye jiko la nyumba ya wazee, tunalisha watu 120 kwa siku, na ukiniuliza ni pipa gani lenye maana kuliko yote nitakuambia la kijani. Mabaki yakiwa peke yake yanakwenda kutoa gesi na mboji. Yakichanganyika na plastiki yanaharibu kila kilichomo: karatasi inaloa, chupa zinanuka, hakuna anayetaka kuzigusa.

Lakini zile nyingine nyingi tunazoziona za kisasa huku, nyumbani tunazo au tulikuwa nazo. Chukua chupa. Tangu 2003 ukinunua maji au soda ya plastiki hapa unalipa senti 25 za ziada, takribani shilingi 700, unazirudishiwa ukirudisha chupa kwenye mashine ya dukani. Wageni wa kutoka nyumbani wakija wanapiga picha ile mashine. Mimi nakumbuka nikitumwa soda utotoni: huwezi kupewa ya chupa kama hukwenda na chupa tupu. Muuza duka alikuwa hana mashine, alikuwa na kreti, na chupa moja ilizunguka mpaka maandishi yake yakafifia. Utaratibu ule haukufa kwa sababu ya uvivu wetu. Waliotengeneza vinywaji walihamia kwenye plastiki, kubeba tupu kurudi kiwandani kukawa si juu yao tena, mfereji wa Tabata ukawa ndio stoo yao. Hapo ndipo natamani sheria ya kwetu iwe kali: anayeuza chupa aweke dhamana juu yake na ailipe inaporudi. Tuliweza kuiacha mifuko ya plastiki. Zanzibar ilianza 2006, Kenya 2017, na Tanzania Bara Juni 2019 rambo zikapotea madukani kwa muda mfupi ambao hakuna aliyeutarajia. Watu walewale wanaosemwa hawana uelewa walirudi kwenye vikapu.

Na ukitazama vizuri, hata senti 25 za huku zina mtu wake. Usiku kwenye kituo cha treni cha Wilhelmsburg namkuta mzee mmoja, nadhifu, koti limefungwa hadi shingoni, anamulika ndani ya pipa kwa tochi kutafuta chupa. Pensheni haimtoshi. Watu wenye huruma huacha chupa zao chini, pembeni ya pipa, asilazimike kuingiza mkono. Kila nikimwona nawakumbuka waokota chupa wa Dar wenye viroba mgongoni alfajiri, kabla gari la taka halijapita. Wale ndio urejelezaji wetu. Chupa nyingi za Dar zinazogeuzwa kuwa kitu kingine zilianzia kwenye kiroba cha mmoja wao, naye hana glavu, hana bima, na watoto wanamwita chizi.

Kuhusu kutengeneza vitu, siwezi kulinganisha bila uchungu. Mwaka wa pili huku mashine yangu ya kufulia iliharibika. Fundi aliniambia akija tu kuitazama ninalipa karibu nusu ya bei ya mpya. Nikaitoa nje siku ya kukusanya vyombo vikubwa, kama wanavyofanya wote. Kwa mama kuna pasi ya umeme iliyobadilishwa waya mara tatu, feni iliyosukwa upya mota, na jiko la mkaa lililofuliwa mtaa wa Gerezani kutokana na chuma chakavu. Sufuria zake za kupikia shughuli zimeyeyushwa kutoka vyuma vya magari. Katambuga za marehemu babu zilikuwa tairi. Ujerumani inatoa zaidi ya kilo 200 za taka za vifungashio kwa kila mtu kwa mwaka, viwandani na madukani zikiwemo, na kwa miaka mingi sehemu ya plastiki yake ilisafirishwa mbali, mpaka China ikafunga mlango mwaka 2018. Nchi inayotenga kwa rangi nne bado haijajua kupunguza. Idara ya usafi ya Hamburg ina duka lake liitwalo Stilbruch, wanauza makabati, baiskeli na vyombo vilivyookolewa visitupwe. Nalipenda sana, kitanda cha binti yangu kilitoka pale. Lakini nikiingia najiona niko kwenye mtaa wa vitu vya mitumba Dar, isipokuwa huku unaitwa uchumi mzunguko na una ofisi, na kule mgambo anawafukuza wauzaji.

Basi sisi tunakosa nini? Kwa maoni yangu tunakosa kitu kimoja kikubwa, nacho ni njia ya taka mbichi. Zaidi ya nusu ya kinachotoka kwenye nyumba za Dar ni chakula na majani. Ndicho kinachooza na kutoa gesi inayowaka moto damponi, ndicho kinachotoa maji meusi, ndicho kinachofanya malori yajae haraka na kunuka. Wanaotaka tununue mitambo ya kuchoma taka kama ya huku wasimame kidogo jikoni kwa mama yangu wajaribu kuwasha maganda ya ndizi na mchicha. Ondoa vibichi, kinachobaki kwenye ndoo ni kikavu, kina bei, na waokota chupa watakimaliza wenyewe mlangoni kabla ya gari.

Jambo hili si ndoto. Dar na Hamburg ni miji marafiki tangu 2010, na moja ya matunda ya urafiki huo ni kituo cha mboji cha Mabwepande, Kinondoni, kinachopokea taka za masokoni. Nilipokisikia mara ya kwanza nilifurahi kama aliyesikia harusi ya ndugu. Sokoni ni rahisi zaidi kuanza, kwa sababu maganda yanatoka yakiwa peke yake na kwa wingi. Hatua inayofuata ni mtaa: siku moja ya wiki gari libebe taka mbichi tu, siku nyingine kavu tu. Gari lilelile, dereva yuleyule, honi tofauti. Ada ya taka tunalipa tayari kila mwezi. Iandikwe kwenye mkataba wa mzoaji kwamba akichanganya halipwi. Na viongozi wa serikali za mitaa wawape waokota chupa vitambulisho na sehemu ya kupimia mizani, badala ya kuwakimbiza.

Kabla sijaondoka nilikwenda na mama kwa jirani wa nyumba ya nne, anayefuga mbuzi na kuku. Tulizungumza dakika kumi barazani. Akasema maganda anayataka, ila asikute wembe wala plastiki ndani, maana mbuzi wake mmoja alikufa kwa mfuko. Mama akamwambia, "Baba Asha, nitakutengea mimi mwenyewe, mkono wangu."

Wiki iliyopita amenitumia ujumbe wa sauti. Ndoo ya pili imetoka bafuni. Nyumba sita za mtaa zinampelekea Baba Asha maganda, kijana wa chupa anapita Jumanne na Ijumaa, na kinachobaki kwa gari la Jumamosi hakijazi hata robo ya ndoo. Ada bado analipa ileile. Ameniuliza kama naweza kumwandikia barua ya kumpelekea mwenyekiti wa mtaa, nami nimeianza jana usiku.