Kofia ya Kalamu

Acheni niseme mwenyewe yaliyonikuta kituo cha mafuta, kabla habari anayoisambaza shemeji haijafika mikoa yote. Kwanza, sikulia kama anavyodai. Nilikuwa na mafua, na baridi ya Iringa mnaijua.

Pikapu mmeshaiona, ile Hilux nyeupe ya petroli inayobeba nyanya zangu. Wiki tatu haikai sailensa, yaani ule mngurumo wa utulivu gari likiwa limesimama. Ikisimama inatetemeka kama ina malaria, taa ya injini imenikodolea. Nikanunua kidude cha blututhi cha kusoma makosa ya injini, kikaniletea P0171: hewa nyingi, mafuta kidogo. Siku ile nikaposti nikajiita injinia. (Wewe uliyeandika "hongera fundi", tutaonana.)

Injinia akabadilisha plagi nne. Wapi! Akabadilisha oksijeni sensa, laki mbili kasoro. Wapi! Na kidude kilikuwa kinanieleza kila siku: ikiwa sailensa, kompyuta inaongeza mafuta asilimia 24, nikikanyaga, inashuka hadi 5. Mimi nikaona namba za kupigia skrinshoti tu.

Jumamosi nikakata shauri: nimeuziwa mafuta ya kuchakachua. Nikamchukua shemeji awe shahidi, tukaenda kituo ninachojazia. Nikahutubia pale, jamani. Nikawakumbusha kwamba kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa mwaka 2011 kukomesha mchezo huu huu wa kuyachanganya kwenye mafuta ya magari. Watu wakajaa. Nikatoa kalamu mfukoni, nikaegemea boneti, nikaanza kuandika malalamiko ya kupeleka EWURA, wale wasimamizi wa biashara ya mafuta, nyuma ya risiti.

Akaja mlinzi, mzee wa makoti mawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mlima wa Kitonga unapanda?"

"Napanda kama mbuzi."

"Basi mafuta inapata. Ingekuwa inakosa mafuta ingekufia mlimani. Hii inasumbua ikisimama tu, inavuta hewa ya wizi. Washa, ufungue boneti."

Nikafungua huku nikiwakonyeza watu. Mzee akainamisha sikio. Hata mimi nikasikia: fssssss, kama koboko. Akapeleka dole gumba nyuma ya injini, akaziba kijibomba fulani. Injini ikatulia. Ikatulia mpaka nikamsikia dada wa pampu anavyotafuna bigijii. Akatoa dole, ikatetemeka. Akaziba, ikatulia. Akarudia mara ya tatu, na hiyo ya tatu naamini alikuwa anajifurahisha.

"Hapa pana kakofia ka mpira," akasema, "keusi, kadogo. Kametoka."

Ndugu zangu. Mkono wangu ulijua kabla ya kichwa. Ile kalamu ilipoteza kifuniko zamani, na siku niliyoosha injini niliokota chini kakofia keusi, nikadhani ka baiskeli ya mtoto. Nikakachomeka kwenye kitako cha kalamu, kakaenea kabisa. Wiki tatu nakatafuna nikipiga hesabu za nyanya. Nikaanza kuishusha kalamu taratibu kuelekea mfukoni, taratibu, kama mtu anayenyemelea nzi. Nilikuwa nimebakiza kama inchi mbili.

"Shem," shemeji akaropoka, kwa sauti ya mnadani, "si hako hapo kwenye kalamu?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Hilo ndilo lililoniua. Mzee alinyoosha mkono, akaichukua kalamu, akachomoa kakofia, akakatazama kalivyo na alama za meno, akakatazama tena, kisha akakafuta mate yangu kwenye koti lake la juu. Akakachomeka kwenye kijibomba. Tii! Sailensa kama gari la msiba.

Hapo ndipo wakacheka.

Mengine shemeji kaeleza. Nikaomba radhi, nikajaza tangi ambalo halikuwa na shida ya kujazwa, nikanunua soda za watu sita, tukaondoka. Taa imezimika. Kundi la familia sasa linaitwa "Kakofia". Na ile oksijeni sensa ya zamani ilikuwa nzima, ninayo hapa, anayeitaka aje inboksi tuelewane bei.