Westbury hawapimi adabu ya kukaa kimya

Mzazi akisikia mwanawe ameitwa Westbury kupimwa uofisa wa jeshi, kitu cha kwanza ni kumnunulia suti. Cha pili ni kumwamsha alfajiri akimbie. Sina ugomvi na suti, wala na mbio. Ila nimekaa na vijana kadhaa wa jamaa zetu hapa Uingereza, Wakenya, Watanzania na Waganda, nikiwasaidia kujiandaa, na naona tunawakazania mambo ambayo bodi huyamaliza kwa saa chache, huku yale yanayojaza siku zote zilizobaki tukimwachia Mungu.

Kwa asiyejua, Westbury ni mji mdogo katika jimbo la Wiltshire. Hapo, kwenye jumba la Leighton House, ndipo Jeshi la Nchi Kavu la Uingereza linapochuja wanaotaka kuwa maofisa wake. Makadeti wanaotumwa na serikali zao kwenye chuo cha maofisa cha Sandhurst, kama alivyokuwa Muhoozi Kainerugaba wa Uganda aliyehitimu mwaka 2000, au Ian Kagame wa Rwanda aliyehitimu mwaka 2022, wana njia yao nyingine. Mtoto aliyekulia Reading au Leicester lazima apite Westbury. Kwanza kuna bodi ya utangulizi, inayokupima kidogo na kukuonjesha kinachokungoja, kisha wanakupanga kwenye daraja: huyu aje bodi kuu, huyu akajinoe kwanza arudi baadaye, huyu aambiwe ukweli kwamba nafasi yake ni finyu. Bodi kuu yenyewe ni siku tatu na nusu. Unavaa ovaroli, na juu yake kizibao chenye namba. Uwanjani namba hiyo ndiyo jina lako.

Mimi naipenda namba hiyo. Mtoto ambaye jina lake limevunjwavunjwa na kila mwalimu tangu chekechea anakuwa Namba 4, sawa kabisa na Namba 5 ambaye babu yake alikuwa brigedia.

Sasa tufike penye shida. Mojawapo ya majaribio ya mwanzo ni mjadala wa kikundi. Mnakaa duara, mnapewa mada: je, kura iwe ya lazima? Je, misaada kwa nchi za nje ipunguzwe? Hakuna mwenyekiti. Maofisa wamekaa pembeni na karatasi zao, hawasemi kitu. Nimeliigiza zoezi hili sebuleni mara nyingi, nikichanganya watoto wetu na wenzao wa shuleni, na linalotokea nalijua kabla halijatokea. Mtoto wetu anakaa wima, anasikiliza kwa makini, anatikisa kichwa. Anangoja mwenzake amalize. Mwenzake akimaliza anadakia mwingine. Anangoja tena. Ana hoja nzuri, unaiona usoni, lakini anasubiri apewe nafasi, kwa sababu nyumbani kwao nafasi ya kusema hupewa, haichukuliwi. Dakika zinakwisha. Nikimuuliza baadaye mbona hukusema, ananijibu: “Walikuwa wanaongea, shangazi.”

Karatasi ya yule ofisa, kwenye mstari wa Namba 4, iko tupu. Hajaandika kwamba ni mjinga. Hajaandika kwamba ana adabu. Hana la kuandika. Tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini bodi ina siku tatu na nusu tu, haiwezi kukaa kungojea mshindo.

Wazazi wengine wakisikia hivi wanakimbilia upande wa pili: basi mwanangu pigana, ongea kuliko wote. Hapana. Anayewafunika wenzake naye anaandikwa, na anaandikwa vibaya. Wanachokitazama ni kama umeisikia hoja ya mwenzako, ukaichukua, ukaiongezea au ukaipinga kwa sababu inayoeleweka, na kundi likasogea mbele kwa sababu yako. Akitokea Namba 2 ambaye hajasema neno, ukamgeukia ukamuuliza yeye anaonaje, hilo wanaliona. Na hapa ndipo malezi yetu yanapokuwa mtaji. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya watu kumi, anayejua kumpisha mkubwa na kumbembeleza mdogo, ana sikio ambalo wengi hawana. Amekosa kitu kimoja tu: ruhusa ya kumpinga mtu mbele ya watu bila kuonekana amemvunjia heshima.

Ruhusa hiyo inatoka nyumbani, haiuzwi popote. Ushauri wangu kwa wazazi ni huu: miezi mitatu kabla, mkiwa mezani, mpeni mada, baba achukue upande mmoja, mtoto aupinge, na akimshinda baba asiambiwe “usinijibu”. Nyumba moja baba alinisikiliza vizuri sana, akanywa chai yake, kisha akasema, “Hapa si Westbury.” Sikubishana naye. Ni kwake.

Inafaa pia kujua mambo haya yametoka wapi, kwa sababu watu wetu wengi wanaamini kwamba bodi imewekwa ili watoto wa wakubwa wapite. Historia yake ni kinyume. Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Uingereza liliteua maofisa kwa mahojiano mafupi: umesoma shule gani, baba anafanya nini, unacheza mchezo gani. Walioteuliwa hivyo wengi wakashindwa mafunzo, na manung'uniko yakafika hadi bungeni. Mwaka 1942, chini ya Jenerali Ronald Adam aliyeshughulikia masuala ya askari, zikaanzishwa bodi mpya zenye wanajeshi na wataalamu wa saikolojia pamoja. Mmoja wa wataalamu hao, Wilfred Bion, ndiye anayehusishwa na wazo la kundi lisilo na kiongozi: wape watu kazi, usiwaambie nani aongoze, kaa utazame. Mwaka uliofuata mtindo huo ukapelekwa India, na mpaka leo kijana wa Kihindi anayetaka kuwa ofisa hupitia siku tano za bodi ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo yule ofisa anayekaa kimya na karatasi yake ni mtoto wa malalamiko ya watu waliochoka na upendeleo.

Sisemi upendeleo umekwisha. Watoto wa shule za kulipia ni takriban 7% tu ya wanafunzi wa nchi hii, lakini ukienda Sandhurst utawakuta kwa wingi usiolingana kabisa na hesabu hiyo. Shule hizo zina vikosi vyao vya kadeti, yaani vijana wanaofundishwa mambo ya kijeshi, zina midahalo kila wiki, na mtoto wa miaka 14 anazoea kusimama mbele ya watu wazima na kusema “sikubaliani nawe”. Amefanya mazoezi ya Westbury miaka minne bila kujua. Wetu tunamtaka ajifunze kwa wiki mbili, tena baada ya barua kufika. Kadeti za mtaani zipo karibu kila mji, zinachukua watoto kuanzia miaka 12, na ada yake haimtishi mzazi wa kawaida. Mbona tunawapeleka mpira na madrasa au kwaya, na huko hatuwapeleki?

Halafu kuna zoezi la mpango. Hili ndilo linalowaangusha wengi, weupe kwa weusi. Unapewa karatasi yenye hadithi: mahali fulani pametokea balaa, kuna majeruhi, kuna mto, kuna gari moja, kuna muda. Unasoma peke yako, unajadiliana na kundi, kisha unaulizwa maswali ya papo kwa papo mbele ya wote. Hesabu zake ni za mwendo, umbali na muda, basi. Tuseme ni saa nane na dakika 20 mchana, majeruhi lazima afike hospitali saa kumi kamili. Kuna kilomita 5 za kumbeba kwa machela, mwendo wa kilomita 4 kwa saa. Kisha kilomita 30 kwa gari, mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kijana anatazama, anaona gari, anasema tutafika. Mpigie hesabu: machela ni dakika 75, gari ni dakika 30, jumla 105. Mnafika saa kumi na dakika tano. Mmechelewa kwa dakika tano, na mpango mzima umeanguka.

Hesabu ya darasa la sita. Tatizo ni kuifanya bila kikokotoo, mtu anakutumbulia macho, huku anakuuliza: “Na gari likiharibika?” Ukijibu, anaongeza: “Kwa nini usimtume mmoja atangulie mbele?” Ukibadilisha mpango kila anapokohoa, umekwisha. Ukiung'ang'ania hata baada ya kuonyeshwa kwamba hauwezekani, umekwisha vilevile. Na hapa tena watoto wetu huumia kwa namna yao: mkubwa akiuliza “una hakika?”, kwao hilo si swali. Ni onyo. Wanaliacha jibu lao mara moja, hata pale hesabu zao zilipokuwa sahihi. Nimewahi kumuuliza binti mmoja “una hakika?” juu ya jibu sahihi, akalifuta. Nikamuuliza juu ya jibu jipya, akalifuta nalo. Tangu hapo hilo ndilo zoezi langu kuu na kila anayekuja: namuuliza mara tatu juu ya jibu lilelile, na kazi yake ni kuangalia hesabu tena, si kuangalia uso wangu.

Uwanjani, kwenye mbao, kamba na mapipa, sina mengi. Unapewa kuvusha kundi na mzigo juu ya eneo msiloruhusiwa kukanyaga, na zamu yako ya kuongoza ikifika unatoa maelekezo. Mbao mara nyingi ni fupi kuliko unavyotaka. Wengi hawamalizi kazi, na kutomaliza peke yake hakukuangushi. Na mwili: kimbia mbio za mita 20 za kwenda na kurudi kwa kufuata milio, zoea kutupa mpira mzito wa kilo 4 ukiwa umekaa chini, jifunze kuvuta uzito kwa miguu na mgongo ulionyooka. Vijana wetu kwa kawaida hawana shida hapo.

Usaili ndio unaowatia wazazi hofu, na ndio unaowafanya wanunue majibu ya mtandaoni. Nimeyasoma hayo majibu. “Napenda changamoto, napenda kufanya kazi na watu, nataka kuitumikia nchi.” Ofisa aliyekaa kiti kile ameyasikia tangu Jumatatu. Anachotaka ni kitu ulichokifanya wewe: ulikuwa zamu ya Jumamosi dukani, mwenzako hakuja, foleni ikafika mlangoni, ulifanya nini? Ulimlea mdogo wako mama alipokuwa zamu ya usiku hospitalini? Hilo ni jukumu, sema. Vijana wetu wanaficha mambo haya, wakidhani uongozi ni kuwa nahodha wa raga.

Na kuna jambo moja ambalo mtoto mwenye asili ya Kenya asiende Westbury bila kulifikiria. Jeshi analotaka kujiunga nalo lina kambi Nanyuki, na linafanya mazoezi Laikipia kila mwaka. Agnes Wanjiru aliuawa Nanyuki mwaka 2012, akiwa na miaka 21, mama wa mtoto mchanga. Mwaka 2019 mahakama ya uchunguzi wa kifo Kenya ilisema aliuawa na wanajeshi wa Uingereza. Hati ya kumkamata mtuhumiwa ilitolewa na Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2025. Wapo wazazi wanaomwambia kijana: wakikuuliza, sema hujui. Mimi naona huo ni ushauri mbaya kuliko wote. Mtu anayeomba kuongoza askari 30 katika nchi za watu, akasema hajasikia habari ya Agnes Wanjiru, na jina lake la ukoo ni la Nyeri, ama anadanganya ama hasomi. Aseme analojua, aseme ofisa kijana alipaswa kufanya nini askari wake walipoanza kunong'ona juu ya kifo hicho, na aseme kwa nini bado anataka kazi hiyo. Kama la mwisho hana jibu lake, basi afadhali asubiri mwaka.

Kuna wazee wanaoniambia haya yote ni kujisumbua, mtoto aingie tu kama askari wa kawaida, walivyoingia Wakenya wengi wa Jumuiya ya Madola. Ni njia ya heshima, na haifungi mlango: askari aliye ndani anaweza kupendekezwa na kikosi chake akaenda bodi hiyohiyo ya Westbury, na wapo wanaopata uofisa baada ya miaka mingi ya utumishi. Lakini mtu aichague kwa kuipenda. Asiichague kwa sababu shangazi na wajomba wameamua kwamba ile nyingine si ya watu wetu. Hao masajini wetu walioko kwenye kambi za Aldershot, Catterick na Tidworth wamekuwa wakiwapima maluteni wapya kila mwaka, wanajua yupi anafuatwa na yupi anavumiliwa tu. Mkiwa na mmoja katika ukoo, mleteni Jumapili akae na kijana saa mbili, amuulize “una hakika?”, na wazazi wabaki jikoni.