Msikate miguu ya cherehani ya bibi

Ukiingia mkahawa wa kisasa siku hizi, iwe Tanga au kwingine pwani, usishangae kikombe chako cha kahawa kikiwekwa juu ya miguu ya cherehani. Chuma chenye nakshi kipo, kanyagio lipo, gurudumu lipo, na juu yake wamegongomea ubao uliopakwa vanishi. Kichwa chenyewe kilishauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wateja wanapiga picha, wanasifia. Mimi jambo hili linanikera, kwa sababu nyingi ya cherehani zinazokatwa hivyo ni nzima. Zimekwama tu, na hakuna aliyehangaika kujua zimekwama kwa nini.

Ya shangazi yangu, pale Ngamiani, ilikaa nyuma ya kabati tangu macho yake yalipoanza kumsumbua. Ni Singer 15K, na namba iliyogongwa kwenye kitako chake inaanza na herufi Y. Maana yake ilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1980. Familia ilishakubaliana kwamba cherehani imekufa, na mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye nani achukue miguu.

Akaitwa mzee mmoja, fundi wa kutengeneza cherehani, mwenye mkoba wa bisibisi nyuma ya baiskeli. Akashika gurudumu la juu, likagoma. Akainama, akanusa tundu la mafuta, kisha akamgeukia shangazi.

“Bi mkubwa, hii mlikuwa mnashonea au mnakaangia?”

Kumbe mtu aliwahi kuitilia mafuta ya alizeti. Mafuta ya kupikia yakikaa kwenye chuma na kupigwa na hewa, hayabaki mafuta. Hukauka taratibu, yakawa utando mgumu wa rangi ya kahawia unaoshika kila kiungo. Mtu akija kuzungusha kwa nguvu anasema chuma kimeliwa na kutu, kumbe ni mafuta ya juzi ya chapati. Ukitaka kujua kama yako imekwama hivyo, angalia pembeni mwa matundu: ule utando unang'aa, na ukiukwangua kwa kucha unabanduka.

Dawa yake ni mafuta ya taa na subira. Tone moja moja kila tundu, na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, juu na chini. Mzee aliiweka juani ipate joto, akaiacha, akarudi, akatikisa gurudumu kidogo mbele na nyuma bila kulazimisha. Wengi hushindwa hapo, kwa haraka yao. Ukitia koleo, unavunja kitu ambacho kingeachia chenyewe kesho yake. Ilipoachia akafungua kibao cha chini ya sindano, akatoa vumbi la pamba lililoshindiliwa katikati ya meno yanayosukuma kitambaa, na kipande cha uzi kilichojiviringisha kwenye bobini inapokaa. Baada ya hapo tu ndipo mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi. Oili chafu ya gari, hapana. Na ile dawa ya kupuliza ya kulegezea nati inalegeza kweli, lakini ukiitegemea kuwa ndiyo mafuta, viungo vitabaki vikavu.

Jambo lingine, kwa wanaopenda usafi kuliko kazi: msisugue kichwa kwa spiriti. Ule weusi na maua ya dhahabu vimefunikwa kwa vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti. Utafuta uchafu na maua pamoja. Kitambaa laini chenye tone la mafuta ya cherehani kinatosha.

Vipuri, ambavyo kila mtu hudhani havipatikani, ndivyo vilivyokuwa rahisi kuliko vyote. Zile Butterfly za China zilizojaa kwa mafundi wetu zimeigwa kutoka umbo hilihili la 15, kwa hiyo bobini na sindano za dukani ziliingia bila ubishi. Mkanda wa ngozi ulinunuliwa mpya, ukakatwa kwa kipimo, ukaunganishwa kwa kipini chake cha waya. Ukilegea baadaye unakata kidogo, unaunganisha tena. Sindano ndiyo iangaliwe: upande uliokatwa bapa uelekee kushoto, na uzi upite tunduni kutoka kulia. Ukiigeuza, hutapata mshono hata ukeshe.

Mguu ndio wenye kujifunza. Gurudumu la juu lazima lizunguke kuja kwako. Mguu ukikosea, linarudi nyuma na uzi unakatika. Legeza ile skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu, sindano itatulia na wewe utafanya mazoezi ya kukanyaga bila uzi wala kitambaa. Shangazi hakuhitaji hayo. Macho yamepungua, lakini nyayo zake zilianza kazi kabla hatujamaliza kumpisha kiti.

Sisemi cherehani hii inaweza kila kitu. Inapiga mshono mmoja, mnyoofu, basi. Haina zigizaga, haifanyi ovaloki, na kitambaa kinachovutika kinaipa taabu. Kuihamisha kunataka wanaume wawili. Lakini kanga haitaki zaidi ya mshono mnyoofu: unakata doti, unapinda kingo, umemaliza. Mashuka na mapazia vilevile. Hata jinzi ya mtumba inayotaka kupunguzwa miguu inapita, na umeme ukikatika saa moja usiku haikuhusu.

Wapo wanaoshauri ifungwe mota. Kwa fundi mwenye rundo la sare za shule mwezi Januari, au nguo za Idi zinazodaiwa kesho, nitamwelewa. Anauza muda wake. Kwa mwanamke anayepinda kanga za jirani barazani kwake, mota ni gharama na bili, na inamwondolea kitu cha thamani: uwezo wa kwenda polepole, mshono mmoja baada ya mwingine, akifika kwenye kona.

Kilichobaki ni adui wa hapa kwetu, hewa ya chumvi. Tanga chuma kinachokaa kinaliwa. Kwa hiyo isiwekwe karibu na dirisha linalotazama bahari, na isifunikwe kwa nailoni inayofungia unyevu ndani. Kitambaa cha pamba kinatosha. Ifanyishwe kazi hata kama ni viraka, maana anayeshona ndiye anayekumbuka kutia mafuta. Ya shangazi sasa inapinda kanga za mtaa mzima, na bei amepanga mwenyewe.