Familia ya BSD: kuungana au kushirikiana?

Kila baada ya muda huzuka hoja ileile: kwa nini FreeBSD, NetBSD, OpenBSD na DragonFly BSD zisiunganishwe ziwe mfumo endeshi mmoja? Asili yake ni moja, yaani BSD, mfumo endeshi uliotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley; leseni zake zinashabihiana, na wanaoziandika ni wachache mno wakilinganishwa na jeshi zima linaloihudumia Linux. Hoja hii ina uzito kuliko wanavyokiri wanaoibeza.

Chukua viendeshi vya kadi za michoro, yaani programu zinazouwezesha mfumo kutumia kadi hizo. Msimbo wake hutoka Linux, ambako hubadilika bila kupumzika, na kila mradi wa BSD huuchukua na kuurekebisha kivyake ili uafikiane na kiini chake (kernel, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi). Kazi ngumu, isiyo na sifa, inarudiwa katika kila mradi, huku mwenye kompyuta mpya akisubiri.

Hata hivyo, matawi haya hayakugawanyika kwa bahati mbaya. NetBSD na FreeBSD zilichipuka mwaka 1993 kutoka 386BSD, mfumo wa BSD uliozitangulia. NetBSD ilitaka kufanya kazi kwenye mashine za kila aina, FreeBSD ikaegemea kompyuta za kawaida zenye vichakataji vya Intel. Theo de Raadt alianzisha OpenBSD mwaka 1995 baada ya kukosana na wenzake wa NetBSD. Mwaka 2003 Matthew Dillon alijitenga na FreeBSD na kuanzisha DragonFly BSD kwa sababu hakukubaliana na njia yake ya kutumia vichakataji vingi kwa pamoja. Ugomvi wa watu ulikuwamo, tena mwingi, lakini miaka imepita na tofauti za kiufundi zimebaki. OpenBSD ilipozima teknolojia ya hyper-threading, inayoiwezesha sehemu moja ya kichakataji kushughulikia kazi mbili kwa pamoja, mwaka 2018 kwa hofu ya usalama, ilikubali kwamba baadhi ya kazi zitapungua kasi. FreeBSD, ambayo Netflix huitumia kusambaza video, ingetaabika kufanya uamuzi kama huo. Nani angeamua katika mradi mmoja?

Muungano si ndoto, lakini. Mwaka 2016 kundi la waandishi wa OpenWrt, mfumo wa ruta, lilijitoa na kuanzisha LEDE. Mwanzoni mwa 2018 pande hizo zilirudiana, zikabaki na jina la zamani pamoja na msimbo na kanuni za LEDE. Waligombana kuhusu namna ya kuendesha mradi. Kuhusu kazi ya ruta hawakuwa na ugomvi. Ndiyo maana mfano huu, unaopendwa kutajwa na wapenda muungano, hauisaidii sana BSD.

Wanaojibu kwamba “ushirikiano unatosha” nao wananichosha kidogo. Ushirikiano usio na mwenyewe huoza. Programu ya pf, inayochuja data za mtandao, ilizaliwa OpenBSD mwaka 2001, na FreeBSD ikaichukua. Baadaye OpenBSD ikabadilisha namna ya kuandika kanuni zake, FreeBSD ikaifumua kwa ajili ya vichakataji vingi, na nakala hizo mbili zikapishana kiasi kwamba kuhamisha marekebisho ikawa kibarua. NetBSD ikaenda mbali zaidi: ikaandika programu yake yenyewe ya kuchuja, NPF. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa usalama, nayo ilitoka OpenBSD mwaka 1999 na leo imeenea karibu kila mahali. Tofauti ni kwamba tangu mapema kulikuwa na watu wenye jukumu la kutoa toleo la mifumo mingine. Jukumu hilo halikuachiwa kila mpokeaji.

OpenZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, ilikwenda hatua moja mbele: toleo la 2.0, mwaka 2020, liliziweka Linux na FreeBSD kwenye msimbo mmoja, ingawa viini vyake ni tofauti kabisa. Kilichounganishwa ni kipande tu, na hakuna mradi uliopoteza kanuni zake.

Kwa hiyo ningeacha majina yalivyo na kuanzia kwenye viendeshi vya michoro. FreeBSD, NetBSD na OpenBSD tayari zina tabaka zao za kuiga mazingira ya Linux; tabaka moja lenye timu yake lingepunguza marudio mengi. Kikwazo ni kwamba FreeBSD ina taasisi inayoweza kulipa wahandisi, OpenBSD hutoa toleo jipya kila miezi sita na haina desturi ya kusubiri wengine, na NetBSD ina watu wachache wa kutuma kwenye timu hiyo. Mpango wowote usiosema nani atalipwa, na ratiba ya nani itafuatwa, utaishia palepale pf ilipoishia.