Upimaji endelevu si daftari la alama

Lalamiko la walimu wengi wa Unguja na Pemba kuhusu upimaji endelevu, yaani kuwapima wanafunzi mwaka mzima badala ya kungoja mtihani wa mwisho, linajulikana. Darasa lina wanafunzi 80, pengine 100. Jengo ni moja na mikondo ni miwili, wa asubuhi ukitoka wa mchana unaingia. Kipindi ni dakika 40, na humo humo mwalimu anatakiwa asomeshe, apime, asahihishe na ajaze fomu. Lalamiko hili ni la haki. Lakini ukilisikiliza vizuri, mzigo unaotajwa ni wa kukusanya alama, na kukusanya alama ni kazi nyengine kabisa na kupima kama somo limefahamika.

Mchanganyiko huu ni wa zamani. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, la chama cha TANU kuhusu elimu, kazi za mwaka mzima zilianza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho, ili mtoto asihukumiwe kwa siku moja tu. Nia ilikuwa njema. Kilichofuata ni kwamba kila jaribio likawa mtihani mdogo wa kupeleka alama mahali fulani. Zoezi linafanywa Alkhamisi, madaftari yanarudi wiki ya pili yakiwa na 4/10 kwa wino mwekundu, na mada yenyewe imeshapita.

Tupige hesabu. Madaftari 90 kwa dakika mbili kila moja ni saa tatu. Mwalimu wa Hisabati mwenye madarasa matatu anahitaji saa tisa kwa zoezi moja. Hakuna anayeziweza kila wiki, kwa hiyo zinapigwa tiki zisizosomwa. Walimu wanaosema upimaji wa namna hii hauwezekani wanasema kweli, na wizara ingefanya vyema kuwasikiliza.

Upimaji ninaoutetea hapa unafanyika katikati ya kipindi na hauachi alama yoyote. Kwa kawaida nafasi yake imechukuliwa na suali moja: "Mumefahamu?" Darasa zima linaitikia "Ndiyooo!", na mwalimu anaendelea. Itikio hilo halimwambii kitu. Aliyefahamu ameitika, asiyefahamu ameitika, na aliyekuwa akiangalia dirishani ameitika pia.

Badala yake mwalimu aandike ubaoni suali moja lenye majawabu manne, kila jawabu la kosa likiwa na sababu yake. Kwa mfano, 1/2 + 1/3 ni ngapi? Majawabu: (1) 2/5, (2) 5/6, (3) 1/6, (4) 2/6. Anayechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Wa 1/6 amezidisha. Wa 2/6 amejua kuwa asili lazima iwe 6 lakini amesahau kubadilisha kiasi. Wanafunzi wapewe dakika moja kimya, kisha kwa ishara moja wote waoneshe vidole kifuani, kimoja hadi vinne, macho yakiwa mbele. Kifuani, kwa sababu kwenye dawati la watu watatu mkono ukinyanyuliwa juu wawili watamfuata anayesifika kwa akili. Na wote kwa pamoja, kwa sababu anayechelewa kuonesha anachungulia.

Mwalimu akiangalia safu kwa safu anajua hali ya darasa kwa nusu dakika. Katika watoto 90, wakikosea kumi na kitu, aendelee, na hao awakalie wakati wengine wanafanya zoezi. Wakigawika nusu kwa nusu, asitoe jawabu: kila mmoja amshawishi jirani yake kwa dakika mbili, kisha vidole tena. Wakikosea wengi, somo lirejewe kwa njia nyengine, maana kulirudia kwa maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi hakusaidii. Na dawa inategemea kosa. Wa 2/6 anahitaji hatua moja tu, 3/6 + 2/6. Wa 2/5 anahitaji kurudi kwenye maana ya sehemu: umeanza na nusu, ukaongeza, vipi umepata pungufu ya nusu? Alama ya 4/10 isingewatenganisha watoto hawa wawili.

Hapa kuna utafiti ambao kila anayepanga fomu za alama angepaswa kuufikiria kwa utulivu. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Israel. Wanafunzi waligawiwa makundi matatu: moja lilirudishiwa kazi yenye alama tu, la pili maoni tu ya nini kizuri na nini cha kurekebisha, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopata maoni tu walipanda kwa kiasi cha asilimia 30. Waliopata alama tu hawakupanda, na hilo halishangazi sana. Linaloshangaza ni kundi la tatu, ambalo nalo halikupanda. Maoni walipewa, jasho la mwalimu lilitoka, na alama iliyowekwa pembeni ikafuta faida yote. Mtoto anaangalia namba yake, anachungulia ya jirani, anafunga daftari. Tukiwalazimisha walimu wetu waandike maoni na alama juu ya kazi ile ile, tunawaongezea kazi na papo hapo tunaiharibu.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya wingi wa wanafunzi. Kwanza, sifa za upimaji huu zimewahi kutiwa chumvi. Watafiti wa elimu Paul Black na Dylan Wiliam waliandika mwaka 1998 kuwa athari yake ni kati ya 0.4 na 0.7 katika kipimo cha watafiti cha ukubwa wa athari, ambacho 0 ni kutobadilika kitu; watafiti wengine, Kingston na Nash, walipopitia tafiti upya mwaka 2011 walipata kama 0.2. Hata hiyo si haba kwa jambo linalogharimu chaki na dakika tano, lakini si muujiza.

Pili, na hapa ndipo ninapowaelewa zaidi wanaopinga, suali zuri linataka mwalimu anayelijua somo lake kwa undani. Asiyejua kwa nini mtoto anaandika 2/5 hawezi kuliweka jawabu hilo ubaoni. Atatunga makosa ya kubahatisha, vidole vitaoneshwa, na hakuna atakachojifunza. Lugha nayo inaingia hapo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka Hisabati na Sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto akikosa suali la Kiingereza kuhusu mvuke, hujui kilichomshinda ni sayansi au lugha. Muulize kwa Kiswahili kwa nini mwani ulioanikwa unakauka mapema siku ya upepo, utajua mara moja.

Kuhusu hofu ya kutomaliza muhtasari, ni kweli kuwa dakika tano kila kipindi zinapunguza mada. Ila mada iliyomalizwa ubaoni bila kuingia kichwani inarudi kwenye mtihani wa Kidato cha Pili kama karatasi tupu. Na wazee wanaodai kuona alama tunao mfano wa kuwapa: chuoni, kwenye madrasa ya Kurani, mtoto husikilizwa mmoja mmoja, hapewi sabaki (sehemu ya kusoma) mpya mpaka ya jana aisome sawa, na wakubwa huwasikiliza wadogo kwa sababu mwalimu hawatoshi. Hakuna mzazi aliyewahi kuulizia asilimia.

Pa kuanzia ni vituo vya walimu. Walimu wa somo moja wa skuli jirani wakutane watunge masuali ya mada chache ngumu, sita kwa mada, kila jawabu la kosa likiandikiwa sababu yake na cha kufanya likijitokeza. Yajaribiwe darasani, lile ambalo hakuna mtoto anayelikosea litolewe, na yaliyobaki yagawiwe kwa skuli ambazo hazina mwalimu mbobezi wa somo hilo. Wakati huo huo fomu ya alama ibaki na majaribio mawili kwa muhula, yaliyotungwa vizuri, na saa zile tisa za kupiga tiki zirudishwe kwa mwalimu.