Kabla Kibano Hakijaondolewa

Katika upandikizaji wa figo, mishipa ikishashonwa, daktari huondoa kibano kilichozuia damu, na damu huingia kwa nguvu kwenye figo iliyokuwa barafuni. Ile nyama iliyopauka huanza kurudisha rangi. Mambo yakienda sawa, mkojo huonekana mgonjwa akiwa bado juu ya meza ya upasuaji.

Dakika hizohizo ndizo zenye hatari. Figo iliyokosa oksijeni ikiipata tena kwa ghafla, seli zake hufyatua radikali huru, molekuli zinazoshambulia kuta za seli zenyewe. Figo nyingine hulala siku kadhaa, na mgonjwa hujikuta amerudi kwenye mashine ya kusafisha damu ndani ya wiki ya kwanza.

Je, mgonjwa apewe antioksidanti, yaani dawa zinazozima radikali huru? Wanaozitetea wanasema: zima moto pale unapowaka. Wana ushahidi. Mwaka 1994 Walter Land na wenzake wa Munich walitoa matokeo ya SOD, kimeng'enya kinachozima radikali huru, miligramu 200 kwenye mshipa wakati wa upasuaji. Waliopatwa na shambulio la kwanza la mwili kuikataa figo walikuwa asilimia 18.5, dhidi ya 33.3 kwa wasiopewa. Ajabu ni kwamba tatizo lenyewe lililotarajiwa kupungua, figo kuchelewa kuamka, halikupungua.

Kisha kuna manjano. Utafiti wa Marekani wa 2005 ulitumia vidonge vya kurkumini, kiini cha manjano, pamoja na kwasetini, antioksidanti nyingine itokayo kwenye mimea. Waliopewa dozi kubwa, asilimia 93 figo zao zilianza kazi mapema, wasiopewa, 43. Takwimu tamu, na najua zikifika kwenye magrupu ya WhatsApp zinageuka kuwa "manjano yanatibu figo". Lakini wagonjwa wote walikuwa 43, wamegawanywa makundi matatu. Na kidonge kile si kijiko cha manjano kwenye mchuzi.

Asetilsisteini, ile dawa ya kulainisha makohozi ambayo pia ni antioksidanti, nayo ina pande mbili. Brazil mwaka 2011 iliwasaidia waliopandikizwa; Ufaransa mwaka 2015 walipompa mchangiaji aliyefariki kabla ya figo kutolewa, haikuleta tofauti.

Kwangu mimi, swali linalorukwa ni hili: figo imetoka kwa nani? Majaribio haya yalihusu figo za marehemu, zinazokaa barafuni saa nyingi. Tanzania, tangu hospitali ya Muhimbili ilipoanza kupandikiza mwaka 2017 na ile ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, anayetoa figo ni ndugu aliye hai. Figo inatoka kwake na muda si mrefu imeshaunganishwa kwa mwenzake. Figo ya namna hiyo hailali mara nyingi, kwa hiyo faida ya kuongeza dawa ni ndogo tangu mwanzo.

Hasara haziko mbali. Vitamini C, nayo antioksidanti, kwa dozi kubwa huzalisha oksaleti, na oksaleti huganda ndani ya figo. Juisi ya balungi hupandisha takrolimasi kwenye damu, dawa ileile inayozuia mwili kuikataa figo. Ndugu anayeleta chupa ya "virutubisho" wodini amwonyeshe daktari kwanza.

Siku tukianza kupokea figo za marehemu, zilizosafiri usiku kucha kwenye boksi la barafu, nitaipiga hesabu hii upya. Nitaanza na dawa inayoingia kabla kibano hakijaondolewa, si kidonge cha kesho yake asubuhi.