Kompyuta Inayozirai Nyumbani Tu

Mimi ni katibu wa chama cha watu kumi na wanane hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, cheo kisicho na mshahara ila chenye lawama tele, na kwa muda wa miezi miwili nimekuwa nikiandika kumbukumbu za mkutano mmoja ule ule. Kila nifikapo kwenye ajenda ya nne, inayohusu faini za wachelewaji, kompyuta huzimika. Haitoi onyo, haiagi, wala haiulizi kama nimehifadhi kazi. Kioo huwa cheusi ghafla, nami hubaki nikiitazama sura yangu humo kama mtu aliyefiwa. Wachelewaji wamefurahi sana.

Nilianza kwa kumshuku mchomeleaji wa mageti aliye kando ya ploti yetu, kwa sababu kila anapogusisha chuma taa zetu hukonyeza, na volti 240 tunazopaswa kupata hubaki za kwenye maandishi tu. Nikanunua yupiesi ya mtumba, lile sanduku la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukiyumba, nikaiunganisha, na kompyuta ikazimika huku taa ya sebuleni ikiwaka na redio ikiimba. Kufikia hapo nilikuwa nimemnunia mchomeleaji kwa wiki mbili, na sikuona namna ya kumrudishia salamu zake zote kwa mkupuo mmoja.

Kijana wa ghorofa ya tatu, anayesomea mambo haya, alinifungulia daftari ambamo Windows huandika yaliyoisibu. Tukio nambari 41 lilikuwa limejaza ukurasa mzima, na maana yake ni kwamba mashine imewashwa tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Hilo nililijua. Ni sawa na daktari akupime kwa nusu saa, kisha aandike kwamba unaumwa.

Basi nikaipakata sipiyu kwenye matatu hadi Luthuli, barabara ya mafundi wa elektroniki katikati ya jiji. (Sanduku lile sote tunaliita sipiyu, ingawa fundi alinisuta baadaye kwamba sipiyu hasa ni kijibamba kilichomo ndani, kidogo kama biskuti.) Kondakta alidai nauli ya watu wawili, nilipomwambia kwamba mtoto wa kupakatwa halipi, aliniuliza mtoto huyu yuko darasa la ngapi.

Fundi alifungua ubavu wa sanduku, akasugua ramu, kile kibao cha kumbukumbu za muda, kwa raba ya shule, akajaribu pawasaplai nyingine, yaani kifaa cha kuilisha mashine umeme, kisha akarudisha ile yangu na kuiacha mashine ikinguruma kutwa nzima. Haikuzimika hata mara moja. "Mzee, hii ni nzima," akasema, akapokea shilingi 500. Nyumbani ilidumu dakika ishirini. Nilipoiwasha papo hapo, ilidumu tano. Nikairudisha, ikapona tena mbele ya fundi, nikalipa tena, na nilipokuwa njiani nikaanza kuamini kwamba kinachoiua ni sura yangu.

Mara ya tatu nilipiga simu tu, naye fundi akaniuliza swali ambalo lingeniokolea shilingi 1,000: "Kwani nyumbani unaiweka wapi?"

Nikageuka nikaitazama. Ilikuwa ndani ya kabati la televisheni, mgongo umegusa ukuta, nayo imevishwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kazi ya mikono ya mama mkwe wangu, kilichoziba matundu yote ambayo kiumbe kile hupumulia. Katika nyumba yetu kila kisichotembea huvishwa kitambaa.

Fundi akanielekeza niingie kwenye menyu ya mipangilio kabla Windows haijaamka, nisome joto la prosesa, ile sipiyu hasa. Lilikuwa likipanda mbele ya macho yangu: 85, 91, 96. Hapa Nairobi, kwa kuwa tumeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji ya chai huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo kumbukumbu za chama nilikuwa nikiziandikia jikoni bila kujua. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujizima ili isiungue. Mimi nilikuwa nikiitukana kwa kujiokoa.

Nilichomoa waya, nikatoa vumbi ambalo lingejaza mto wa mtoto, nikaisafisha feni kwa brashi ya rangi huku nimezuia mapanga yake kwa kidole. Ile pesti ya kijivu iliyo juu ya prosesa, ya kusaidia kuitoa joto, ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Nikaikwangua, nikapaka mpya. Mashine sasa hukesha, kumbukumbu zimekamilika, na imebainika kwamba faini kubwa kuliko zote ni yangu.

Tatizo lililosalia ni kwamba mama mkwe anakuja Jumamosi. "Baba Njeri," mke wangu ameniambia, "mama akiikuta kompyuta uchi, utamweleza mwenyewe." Nimemsihi amwombe mama kwa heshima, afume kingine chenye matundu makubwa zaidi. Jibu lilifika jana kwa simu: anashukuru sana kusikia kwamba tumekipenda kile cha kwanza, na sasa anafuma kikubwa, cha kufunika pamoja na printa.